Fundo la Kwera Ndani ya Nyumba ya Fundichuma

Paukwa!

Mbona mmeitikia wachache? Mzee Shebwana, shingo yako imeshalala na hadithi bado haijaamka. Narudia, na safari hii nataka sauti ifike mpaka kwa yule jirani ambaye hatukumwalika. Paukwa!

Pakawa!

Hapo sawa. Sasa nyamazeni, maana mtaa huu wote hakuna anayesimulia kama mimi. Shule niliiacha mapema, ni kweli, na nyinyi hamchoki kunikumbusha. Lakini tazameni wenyewe: mliomaliza shule mmekaa chini, na mimi ndiye nimesimama.

Haya. Hapo kale, kale ya kale, palikuwa na mto. Ng'ambo hii ya mto ulisimama mkuyu. Ng'ambo ile ulisimama mgunga. Kwenye mkuyu alikaa Fundichuma. Kwenye mgunga walikaa Kwera.

Fundichuma mnamjua. Ndege wa rangi ya udongo, kishungi kimerudi nyuma, kichwa kama nyundo. Hakuna ndege anayejenga nyumba kubwa kama yake. Vijiti juu ya vijiti, tope juu ya tope, paa pana, ukuta mnene. Nyumba ile ilikuwa na vyumba, na vyumba vilikuwa na wapangaji. Kila asubuhi kila mpangaji alileta kijiti na donge la tope. Hiyo ndiyo ilikuwa kodi. Nyumba ikakua. Ikakua. Ikakua. Na sheria ilikuwa moja: usiguse ukuta. Ukuta ni wa Fundichuma, na kilichomo ndani ya ukuta anakijua Fundichuma.

Kwera nao mnawajua. Wadogo, wa njano, makelele kama soko la samaki. Hawa hawakuwa na mwenye nyumba. Kila mmoja alifuma kiota chake kwa majani ya matete, lakini ujuzi wa kufuma ulikuwa wa wote. Kiota kikiisha, mwenyewe hujining'iniza chini yake, kichwa chini miguu juu, anapiga mabawa, anaita: "Chwii, njooni mvute. Chwii, njooni mvute." Na wanakuja. Huyu anavuta huku, yule anavuta kule. Kikishika, wanaimba. Kikikatika, wanacheka mpaka matete yanatikisika. Halafu yule aliyekikata hubaki palepale akamwonyesha mwenziwe namna ya kufunga vizuri zaidi. Bure. Hata ndege wa mbali akija kuomba fundo, anapewa. Sharti lilikuwa hili tu: ukichukua fundo letu, liache nje. Usilifunike. Anayekuja nyuma yako naye alione, alivute, alijue.

Sasa naomba mumpishe Tetere aingie.

Tetere, watoto wangu, ni ndege mpole, ana sauti nzuri, ana macho mazuri. Kujenga hajui. Yaani hajui kabisa. Kiota cha Tetere ni vijiti vimepishana kidogo, basi. Ukikitazama kutoka chini unaona mayai na mawingu kwa pamoja. Wewe Tatu, unacheka nini, na juzi kibanda cha kuku ulichojenga kimekimbiwa na kuku wenyewe?

Lakini hili si la kucheka. Masika iliyopita upepo ulipiga, kiota cha Tetere kikafunguka katikati, na mayai yake yakaenda na mto. Mume wake naye alikuwa ameshachukuliwa na mwewe, na mume wa pili alikuwa mgeni pale, wa kuja na kuondoka. Kwa hiyo mwaka huu Tetere alikuwa na neno moja tu moyoni. Mayai ya mwaka huu yasianguke.

Akavuka mto. Akaenda mgungani, akaomba afundishwe.

Aliyempokea ni Bi Kwera, mama wa makamo, ulimi mkali, miguu myepesi. Hakumuuliza ametoka wapi wala ataleta nini. Akampa unyasi, akamwonyesha. Pitisha huku, zungusha kule, ncha ya unyasi ipite chini ya kitanzi, kaza. Tetere akafanya. Akafanya tena. Siku zikaenda, kiota kikaisha. Kilikuwa kimepinda kama kofia iliyokaliwa, lakini kilikuwa kiota.

Akajining'iniza. Maskini, Tetere na unene ule, kichwa chini. Akaita kwa sauti yake ya upole waje wavute.

Wakaja. Bi Kwera akashika upande mmoja, akavuta mara moja.

Pwa.

Kiota chote ndani ya mto. Kwera wakacheka. Wakacheka kama wanavyochekana wao kwa wao kila siku. Bi Kwera akaokota unyasi uliobaki kwenye tawi, akamwonyesha Tetere: tazama, ncha umeipitisha juu ya kitanzi badala ya chini. Ndiyo maana limeteleza.

Tetere alitazama. Aliona vizuri kabisa. Lakini masikio yake yalikuwa yamejaa kile kicheko, na macho yake yamejaa machozi. Akasema, "Mmeniaibisha mbele ya watu."

"Mwanangu," akasema Bi Kwera, "hatukukuaibisha. Kimeanguka leo, kitupu. Ulitaka kianguke lini?"

Tetere akaruka, akaenda zake.

Na njiani alikutana na nani? Na Chiriku. Chiriku alikuwa mpangaji wa Fundichuma, ila yeye halipi vijiti. Yeye hulipa kwa mdomo. Kazi yake ilikuwa kuruka huku na huku kumsemea mwenye nyumba. Maana Fundichuma alikuwa ameona jambo lililomnyima usingizi: ndege walikuwa wanavuka mto kwenda kujifunza kufuma. Anayejua kufuma haleti kijiti wala tope. Na Fundichuma, badala ya kujenga vizuri zaidi, akamtuma Chiriku akaseme vibaya zaidi.

Chiriku alimpa Tetere pole nyingi. Kisha akaanza. Akamwambia Kwera ni watu wa kuvunjiana viota hadharani, kila siku kuna kiota kinachokatika kule, mwenyewe si umeona. Je, kwa Fundichuma umewahi kuona ukuta ukikatika? Hujawahi. Akamwambia kiota kilichofungwa kwa fundo la kila mtu ni kiota kisicho na mwenyewe, kikidondoka utamshika nani? Halafu akasogea karibu, akashusha sauti, akasema kwamba katika yale mafundo ya Kwera mna mafundo ya Fundichuma, yameibwa, na siku moja mzee ataamka ayadai, na kila anayelala ndani yake atatolewa nje na mayai yake.

Tetere akaogopa. Akauliza ni fundo lipi.

"Hilo hatulisemi," akasema Chiriku. "Tukilisema watalifungua, na mzee atadai nini?"

Mnamsikia? Mimi nimekaa mtaani, nimeona wauza maneno wa kila namna, lakini huyu angeniuzia viatu vyangu mwenyewe, na nimevivaa.

Chiriku akamalizia kwa asali. Kwa mama mwenye mayai, msimu wa kwanza chumba ni bure. Hakuna kijiti, hakuna tope. Aingie tu, atage, apumzike.

Tetere akaingia, akataga. Mayai mawili, meupe, mazuri. Ukuta mnene pande zote, giza tulivu, hakuna upepo. Alishukuru. Alishukuru kwa moyo wote, na yeye mwenyewe akamwambia kila ndege aliyepita yale aliyoambiwa na Chiriku: kwamba Kwera wanavunjiana viota, kwamba mafundo yao si yao. Wengine waliacha kuvuka mto kwa sababu ya maneno ya Tetere, maana Tetere si mwongo, kila mtu anajua.

Basi masika ikaja.

Ndo. Ndo. Ndo ndo ndo. Kisha mvua ikafunguka yote.

Asubuhi ya kwanza Tetere aliyakuta mayai yamebingirika pembeni. Akayarudisha katikati. Asubuhi ya pili yamebingirika tena, upande uleule. Na ndani ya ukuta akasikia kitu. Krr. Kimya. Krr.

Akaenda kwa mwenye nyumba, akamweleza kwa adabu kwamba chumba kinainama.

Fundichuma hakugeuza hata shingo. "Chumba kimenyooka," akasema. "Mayai yako ndiyo ya mviringo."

Tetere akasema kuna mlio ukutani. Fundichuma akamwambia wapangaji wengine hawajalalamika, na kwamba kama chumba hiki hakimpendezi kipo kingine juu, kipya, ila hicho si cha bure. Lakini angehamaje? Yeye ana mabawa. Mayai hayana. Ndipo Tetere alipoelewa kwamba kile chumba cha bure kilikuwa cha bure mlangoni tu.

Akarudi akayalalia. Krr. Krr. Mvua haikatiki. Maji ya mto yalikuwa yamepanda, mekundu, yanapita chini yake yakinguruma, kama yanayakumbuka mayai ya mwaka jana. Wakati mmoja yai liliteleza kabisa kutoka chini ya kifua chake, akalizuia kwa bawa.

Akautazama ukuta. Usiguse ukuta. Akaugusa.

Akadonoa tope, nalo lilikuwa limeshalainika kwa mvua, likabanduka donge zima. Nyuma yake palikuwa na unyasi. Na ule unyasi ulikuwa umefungwa fundo, fundo kubwa, lililoishika nyumba nzima kwenye tawi. Lile fundo alilijua. Pitisha huku, zungusha kule.

Lilikuwa fundo la Kwera.

Akalitazama vizuri. Ncha ilikuwa imepita juu ya kitanzi badala ya chini. Ilikuwa imebaki kipande kidogo tu, na kila nyumba ilipotikisika, krr, ilikuwa inateleza.

Sasa nyinyi mlioshika mashavu, nielewe ni mshangao au ni njaa? Kosa lilikuwa lilelile. Lilelile la Tetere. Fundichuma zamani, alipoanza kujenga, alivuka mto kimyakimya, akatazama fundo la Kwera kwa mbali, akaliiga, akalipaka tope kabla hajaliweka wazi mtu yeyote alivute. Tope likakauka. Fundo likawa lake, na kosa nalo likawa lake. Na juu ya kosa lile alipangisha vyumba.

Tetere alisimama mlangoni, mvua inampiga usoni. Ng'ambo ya pili mgunga ulikuwa unayumba, na viota vya Kwera vimening'inia, vinayumba nao, vinayumba, lakini hakuna hata kimoja kilichoanguka. Vilivyokuwa vya kuanguka vilishaanguka siku za jua, watu wakicheka.

Atawaita vipi? Kwa maneno gani, na yeye ndiye aliyewachafua? Yai likabingirika tena nyuma yake. Aibu ikamtoka. Akajining'iniza pale mlangoni kwa Fundichuma, kichwa chini, akapiga mabawa, akaita kwa nguvu zake zote.

"Njooni mvute."

Kwenye mgunga vijana wa Kwera waliangaliana. Mmoja akasema huyo si ndiye anayetutangaza wezi? Mwacheni na mwenye nyumba wake. Mwingine akasema afadhali aloane.

Bi Kwera alikuwa ameshaanza kukung'uta mabawa. "Alipokuja kujifunza hatukumuuliza angekwenda kulala wapi," akasema. "Twende."

Wakavuka. Kundi zima, ndani ya mvua, njano tupu juu ya maji mekundu. Walipobandua madonge ya kwanza ya tope, Fundichuma akatua juu ya paa lake, kishungi kimesimama, akasema atakayegusa ukuta wake ni mwizi na atamtangaza pori zima. Chiriku alikuwa amejibanza nyuma yake.

Krrraaa.

Nyumba ikainama upande. Wapangaji wakapiga kelele vyumbani. Na kutoka chumba cha juu kabisa zikasikika sauti nyembamba za makinda.

Bi Kwera akainua kichwa. "Mzee," akauliza, "wanao wamo ndani?"

Fundichuma akatazama kile chumba cha juu. Kishungi kikalala. Akasogea kando.

Ndipo kazi ikaanza. Kwera wakabandua tope, wakabandua, mpaka fundo likawa wazi. Bi Kwera akaliona, na wote wakaliona, na wote wakamgeukia Fundichuma.

"Hili ni letu," akasema Bi Kwera. "Wala hatukukunyima. Ungeliacha nje, tungekwambia siku ileile kwamba umelifunga vibaya."

Hakusema zaidi, maana hapakuwa na nafasi ya kusema. Tetere alikuwa ameshaikamata ile ncha kwa mdomo, anaivuta isiteleze, macho yamemtoka. Bi Kwera akamwambia afanye alivyoonyeshwa. Na Tetere, yuleyule, akapitisha ncha chini ya kitanzi. Akazungusha. Akakaza. Kwera wakashuka wakafunga jingine pembeni, na jingine, na jingine. Wapangaji waliotoka vyumbani wakapewa unyasi palepale, wakafundishwa palepale, wakafunga. Hata wale waliowahi kuwazomea. Hakuna aliyeulizwa alisema nini juzi.

Kisha wakavuta wote kwa pamoja. Nyumba ikasema krr, ikanyooka, ikanyamaza. Mto ukapita chini yake, ukaenda zake mikono mitupu.

Mvua ilipoisha, mayai ya Tetere yalipasuka. Kinda moja. Kinda la pili. Mabaya kama makinda yote ya tetere, msinidanganye, nimeyaona. Kwa Tetere hayakuwahi kuwepo mazuri zaidi. Akavuka mto, akawaambia Kwera alichosema juu yao, kwa nani na nani, na kwamba anashukuru, anashukuru, anashukuru. Bi Kwera akamwambia kama anashukuru kweli basi arudi kwa hao nani na nani, akawafundishe lile fundo. Tetere akaenda. Kila ndege ambaye yeye alikuwa amemtia hofu, alimpelekea unyasi.

Na Fundichuma? Kulipokauka, Chiriku alikuwa tayari hewani, anatangaza kila mti kwamba mzee wetu amewapenda Kwera tangu zamani, toka utotoni, roho yake na roho ya Kwera ni moja. Kwera wakacheka mpaka mmoja akaanguka majini, wakamtoa, wakaendelea kucheka.

Asubuhi moja Fundichuma akaja na donge la tope mdomoni. Tope laini, zuri. Akatua kwenye lile tawi, akayaelekea mafundo. Anataka kuyafunika tu kidogo, alisema, nyumba ipendeze.

Akamkuta Tetere amelikalia fundo.

"Hapana, baba," akasema Tetere, kwa sauti yake ileile ya upole. "Fundo litakaa nje. Weka tope chini, uje uvute."

Fundichuma alimtazama. Ndege mkubwa, kichwa kama nyundo, mwenye nyumba kubwa kuliko zote. Maisha yake yote alikuwa hajawahi kuvuta fundo mbele ya mtu. Chumbani juu makinda yake yalikuwa yanalia njaa, yako hai.

Akaliachia donge. Likaanguka mtoni, pwa.

Akashika unyasi. Akavuta.

Fundo likashika.

Basi na mimi niwaambie maana yake waziwazi, nisije nikaambiwa nimewaacha gizani. Mwenye nguvu anayewasema vibaya wanaogawa ujuzi wao bure mara nyingi ameshaujengea nyumba ujuzi huohuo. Kosa linaloonekana hutengenezwa, kosa lililofichwa hungoja mvua. Na ukipewa kitu bure, uliza kwanza kama utaweza kutoka nacho. Halafu, hili ndilo kubwa kwangu: washukuruni wanaoacha kazi zao wazi. Simu zenu mnazoniletea zimekufa na mimi nikazifufua, kisha mkasema huyu kijana ana kichwa, basi kichwa ninacho, sikatai. Lakini programu ninazotumia, na namna ya kuzitumia, niliachiwa na watu nisiowajua hata majina. Waliziandika, wakaziacha nje, mtu yeyote avute, na mimi mwenye madarasa machache nikavuta. Hawakuniuliza cheti. Popote walipo, mchana wao uwe mwema.

Hadithi yangu naifunga hapa, na fundo nimeliacha nje. Anayeona limelegea aje avute.